Aliwal: Jinsi Boti Inavyovuka Mawimbi Pasipo na Bandari

Mtu wa pwani yetu akiambiwa safari ya nusu siku ya boti na kuogelea kwa bomba la hewa, picha anayo tayari kichwani: Mnemba au Kisite, mashua yenye turubai la kivuli, maji yaliyotulia nyuma ya mwamba, samaki wa kuchoma mchana. Durban haina kitu hicho. Mji uko karibu nyuzi 30 kusini mwa Ikweta, nje ya ukanda wa tropiki, na mbele ya fukwe zake hakuna kisiwa wala mwamba wa asili wa kuvunja nguvu ya bahari. Hata hivyo, asubuhi bahari ikikubali, watu hutoka mjini wakaendesha gari kama kilomita 50 kuelekea kusini hadi Umkomaas, na kabla ya adhuhuri wamesharudi nchi kavu wakisimuliana habari za kasa, taa na chewa wakubwa. Nataka kuichambua kazi hiyo hatua kwa hatua, kwa sababu naamini ufundi wake mkubwa humalizika kabla mgeni hajavaa miwani ya kuogelea.

Wanakokwenda ni Aliwal, fungu la mwamba lililo kama kilomita 5 kutoka ufukweni. Halikujengwa na matumbawe kama miamba yetu. Ni vilima vya mchanga wa pwani vya zamani sana, vilivyoshikamana vikawa jiwe wakati bahari ilikuwa chini kuliko ilivyo leo, kisha maji yakapanda na kuvifunika. Matumbawe, hasa yale laini, yamejishika juu ya jiwe hilo kwa sababu mkondo wa Agulhas hushuka kutoka upande wa Msumbiji ukileta maji ya uvuguvugu. Vilele vyake vya juu viko kama mita 6 chini ya uso wa bahari, na siku ya bahari nzito mawimbi huumuka na kupasuka juu yake. Jina limetoka kwa meli Aliwal, ambayo nahodha wake, James Anderson, alitoa taarifa ya hatari hiyo mwaka 1849. Onyo halikuwafaa wote. Nebo, iliyosheheni vyuma vya reli, ilizama hapo mwaka 1884, na mwaka 1974 ikafuata Produce, meli ya Norway iliyokuwa imebeba molasi.

Kazi huanza alfajiri kwa kuitazama bahari, na hapa ndipo nahodha wa Matemwe akifika Umkomaas atalazimika kujifunza upya. Kwetu bwana mkubwa ni kupwa na kujaa. Wakati wa bamvua maji ya Unguja hupanda na kushuka kama mita 4. Ukichelewa, mashua imekaa juu ya mchanga na wageni wanatembea kwa miguu mwendo mrefu kuifuata bahari. Durban bamvua haizidi sana mita 2. Bwana wa huko ni wimbi. Wimbi la mita moja na nusu hadi mbili ni jambo la kawaida, na limesafiri kutoka mbali, kwenye dhoruba za bahari ya kusini, bila kukutana na kizuizi chochote njiani.

Kwa hiyo nahodha hauangalii urefu wa wimbi peke yake. Anataka kujua pia sekunde ngapi zinapita kati ya wimbi moja na jingine. Mawimbi ya upepo wa jirani hufuatana kwa sekunde sita au saba. Yanakera, yanarusha maji usoni, lakini hayana uzito. Yale ya mbali yanayokuja kila baada ya sekunde kumi na mbili au kumi na nne yanaonekana mapole yakiwa nje, ila yakifika penye kina kidogo hujikusanya na kusimama kama ukuta. Hesabu ya msingi ni hii: wimbi hupasuka linapofika penye kina cha kama mara moja na robo ya urefu wake. Wimbi la mita 2 litapasuka penye maji ya mita mbili na nusu hivi. Ukijua fungu la mchanga liko wapi na maji yamejaa kiasi gani, unajua pa kulitarajia povu. Maji kujaa na kupwa kuna kazi yake hapo, lakini ni kazi ya kusogeza tu mstari wa mawimbi.

Umkomaas ina ugumu wake wa ziada, kwani boti hutokea kwenye mdomo wa mto uMkhomazi. Mto hurundika mchanga, bahari huusukuma, na baada ya kila mafuriko mkondo wa kupitia hubadilika. Njia ya mwezi uliopita si lazima iwe njia ya leo. Mvua za majira ya joto pia hufanya maji yawe ya rangi ya udongo, na anayeogelea juu juu akitazama mwamba ulio mita 8 au 10 chini yake hataona kitu. Ndiyo maana miezi ya baridi isiyo na mvua, kuanzia Juni hivi, inapendwa ingawa maji huwa na nyuzi kama 20 na vazi la mpira si la hiari.

Kuna suala la upepo pia. Sisi tumezoea kusi na kaskazi, kila mmoja na miezi yake. Durban pepo hupokezana kwa siku: kaskazini-mashariki huvuma siku moja au mbili, hasa alasiri, kisha kanieneo ya hewa hushuka na upepo wa kusini-magharibi huingia ghafla, wakati mwingine mbingu zikiwa bado nyeupe. Kwa hiyo safari ni ya asubuhi, na nusu siku si ukarimu wa bei. Ndiyo nafasi iliyopo.

Sasa boti yenyewe. Ni boti ya mpira yenye sakafu ngumu, urefu wa mita 7 au 8, wazi kabisa, bila kibanda wala kivuli. Kila kilichomo kina sababu. Maboya ya pembeni huifanya ielee hata ikijaa maji, na maji yaliyoingia hutokea nyuma kupitia matundu ya tezi boti ikishika mwendo. Mashine ni mbili, kwa sababu mashine moja ikizima katikati ya mawimbi, sekunde za kuivuta tena hazipo. Kamba fupi humuunganisha nahodha na kizimio; akirushwa majini, mashine zinakufa papo hapo na mapanga hayazunguki juu ya vichwa vya watu. Sakafuni kuna kanda za kuingiza miguu, na kuzunguka maboya kuna kamba ya kushika. Abiria hukaa juu ya boya, mguu mmoja umebanwa kwenye ukanda, mkono umekamata kamba, na kila mmoja amevaa jaketi la kuokolea maisha mpaka wamevuka.

Trela husukumwa hadi maji yanapoanza, boti inashushwa, na wageni wenyewe wanaingia majini hadi kiunoni wakiishika pande zote mbili, omo ikitazama bahari. Jambo la kwanza wanaloambiwa, na wanaambiwa kwa sauti kubwa, ni kwamba boti isigeuke ubavu. Wimbi dogo la magotini likiipata boti ya tani moja na zaidi ubavuni, huisukuma juu ya miguu ya waliosimama upande wa nchi kavu. Kina kikitosha, mashine zinateremshwa na kuwashwa, amri inatolewa, watu wanaruka ndani wakijivuta kwa kamba.

Mgeni hudhani sasa boti itachomoka. Haichomoki. Nahodha huipeleka kwenye eneo lililo kati ya povu la ufukweni na mstari wa nje ambako mawimbi makubwa huanza kupasuka, kisha huzungukazunguka humo taratibu. Amesimama, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine juu ya mikono miwili ya mafuta iliyopangwa pamoja ili kiganja kimoja kitawale mashine zote mbili. Macho yake yako nje, si kwa wimbi lililo mbele bali kwa yale matatu au manne yaliyo nyuma yake. Mawimbi huja kwa makundi. Kundi likipita, hufuata utulivu wa dakika moja au mbili. Anasubiri mwisho wa kundi. Mara nyingi huanza kwenda, akaona kitu kinainuka mbali, akageuza na kukimbia kuelekea ufukweni mbele ya povu, halafu akaanza tena. Abiria wengine huona ni kusitasita. Kwangu mimi huko kugeuka ndiko kunakomtambulisha nahodha aliyekomaa, kwa sababu kosa la hatari katika mawimbi ni kukomalia nafasi iliyokwisha kupita.

Nafasi ikifunguka, kiganja kinasukuma mafuta mpaka mwisho. Wimbi ambalo halijapasuka hupandwa kwa kasi, lakini kidogo tu kabla ya kilele anapunguza mafuta. Asipopunguza, boti inaruka hewani. Ikitua inapiga kwa kitako, na migongo ya abiria ndiyo inayopokea pigo. Akipunguza mapema mno, boti inakosa nguvu ya kumaliza mlima na kurudi kinyumenyume. Kati ya makosa hayo mawili pana nusu sekunde, na nusu sekunde hiyo haifundishwi kwa maneno. Afrika Kusini haikuiachia bahati: haitoshi nahodha wa kutokea ufukweni kuwa na cheti cha kuendesha boti, lazima kiwe na idhini maalumu ya kuvuka mawimbi, chini ya SAMSA, mamlaka ya usalama wa bahari. Ustadi wenyewe una mizizi kwa wavuvi wa Durban wa miaka ya 1940, waliotengeneza vyombo vidogo vya kutokea mchangani kwa sababu samaki walikuwa nje na mawimbi yalikuwa kati.

Historia ya mji huo wote ni historia ya kuvuka. Fungu la mchanga kwenye mlango wa bandari ya Durban lilizuia meli kubwa kwa miongo mingi. Abiria walishushwa kwa vikapu kwenye vyombo vidogo, hadi meli Armadale Castle ilipopita mwaka 1904. Mnamo miaka ya 1860 ulijengwa ukuta wa kuzuia bahari kwa mchoro wa Kapteni James Vetch, ukaachwa haujakamilika, na mawe yake leo ndiyo mwamba wa karibu kabisa na mji kwa anayetaka kuogelea na bomba bila kupanda boti. Kupitia bahari hiyohiyo waliletwa, kuanzia 1873, watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa, wengi wao Wamakua, ambao Durban iliwaita Wazanzibari. Waliishi Kings Rest, kule Bluff, mpaka sheria za ubaguzi zilipowahamishia Chatsworth miaka ya 1960. Anayekwenda Umkomaas kwa barabara hupita jirani na vizazi vyao, na sijawahi kuona safari ya watalii ikiwataja.

Baada ya mstari wa nje, mwendo ni dakika kumi na tano au ishirini. Majaketi yanavuliwa, mapezi yanavaliwa. Boti haitii nanga. Mwamba uko ndani ya hifadhi ya bahari iliyopanuliwa mwaka 2019, na hata bila hifadhi nanga isingekuwa na maana, kwa sababu mkondo hausimami. Fundo moja la mkondo ni kama mita 30 kwa dakika, yaani mita 300 kwa dakika kumi, na mwogeleaji wa kawaida mwenye mapezi hawezi kushindana nalo kwa muda mrefu. Basi hashindani. Nahodha huwashusha upande mkondo unakotokea, mara nyingi kaskazini, kiongozi akishika boya lenye kamba, na kundi zima linaelea juu ya mwamba likichukuliwa kuelekea kusini huku boti ikifuata kwa mbali. Wakishapita, wanapandishwa, wanarudishwa juu, wanashuka tena. Wanakatazwa kukaa juu ya vilele vya mita 6, ambako wimbi linainuka. Hutembezwa pembeni, penye mita 8 hadi 12, ambako chewa husimama kivulini na kasa hupanda kuvuta pumzi. Wale papa wenye meno yaliyochomoza nje, wanaokusanyika mapangoni majira ya baridi, wako chini zaidi na ni riziki ya wenye mitungi.

Kurudi kuna somo lake. Nahodha hupanda mgongoni mwa wimbi moja na kubaki hapo, asilipite wala asiachwe na linalofuata, halafu karibu na ufukwe anasukuma mafuta, anainua mashine, na boti inateleza hadi mchanga mkavu. Kabla ya hapo kila mtu ameamriwa kuketi sakafuni na kushika kwa mikono miwili, kwa maana boti husimama mara moja na mwili huendelea. Akishashuka, nahodha anatia jina lake kwenye daftari la ufukweni, kama alivyotia wakati wa kutoka, na idadi ya watu inalinganishwa. Chombo kisichorudi kinajulikana kabla ya jua kupanda sana, na watu wa uokoaji baharini wanapewa saa na mahali pa kuanzia.

Sisemi mabaharia wetu ni wanagenzi. Nahodha wa Nungwi aliyerithi milango ya mwamba kwa baba yake anajua maji yake kwa kina ambacho cheti hakipimi, na mgeni wake anapata kivuli, chakula na muda ambao Umkomaas haiwezi kuutoa. Ila nimeona mara nyingi mno kwetu mashua ikiondoka bila mtu yeyote ufukweni kuandika ni wangapi wamepanda, majaketi yamefungwa kwenye tenga chini ya viti, na safari ikiendelea ilhali upepo umeshabadilika kwa sababu wageni wameshalipa. Umkomaas asubuhi kama hiyo nahodha hushuka kutoka alipokuwa akitazama, husema leo hapana, na watu hurejeshewa fedha au hupangiwa siku nyingine. Daftari na kalamu havigharimu kitu. Kamati za wavuvi za Matemwe, Nungwi na Shimoni zinaweza kuanza navyo msimu huu, na kumpa mtu mmoja wa ufukweni, asiyefaidika na nauli, mamlaka ya kusema chombo kisitoke.