Kusafisha au Kukomba?

Tumeusoma kwa makini mswada wa tafsiri ya mwongozo wa Buildroot, yaani zana ya kuundia mfumo wa Linux kwa vifaa vidogo kama ruta. Lugha yake ni nzuri. Kasoro imo katika neno moja, nalo si dogo.

Fundi akibadili usanidi, tuseme aina ya kichakataji, zana hiyo haitambui yenyewe ni sehemu zipi ziundwe upya. Mabaki ya zamani huchanganyika na mapya, na uundaji hukwama kwa makosa yasiyoeleweka. Dawa ni amri ya “make clean”, ambayo huondoa vyote vilivyoundwa lakini huliacha faili la usanidi. Amri ya “make distclean” hulifuta hata faili hilo. Mfasiri ameziita zote mbili “kusafisha”! Msomaji atakayemwamini huenda akapoteza kazi ya siku kadhaa.

Twapendekeza “kusafisha” libaki kwa amri ya kwanza, na ya pili iitwe “kukomba”, kwani akombaye chungu habakishi hata ukoko. “Kufuta” hatulipendelei, maana limekwisha kuzoeleka kwa faili moja moja. Mwenye neno bora zaidi na atuletee kabla mswada haujaenda mitamboni.