Uzi Usioweza Kusimama

Ubongo wa mtu aliye hai hautulii. Moyo ukipiga, unatikisika. Pumzi ikiingia na kutoka, unapanda na kushuka ndani ya fuvu. Na ni laini kama mtindi ulioganda. Sasa chukua sindano ya silikoni, ambayo ugumu wake unaushinda wa ubongo mara mamilioni, uichomeke humo na uiache kwa miaka. Ubongo unasogea, sindano imekaa palepale, na jeraha halipati nafasi ya kupona. Seli za glia, yaani seli saidizi za ubongo, hukusanyika, kovu hujengeka, niuroni za jirani hufa au husukumwa mbali. Hapo ndipo hasara ilipo, kwa sababu elektrodi iliyo kwenye sindano huweza kubagua mlio wa niuroni moja ikiwa tu iko karibu nayo sana, ndani ya mikroni mia moja hivi, yaani upana wa unywele. Kovu likinenepa kidogo tu, kifaa kinabaki kusikia makelele.

Chombo kilichotawala kazi hii ya kusikiliza niuroni tangu miaka ya 1990 kilibuniwa na Richard Normann na wenzake katika Chuo Kikuu cha Utah, Marekani: kipande cha milimita 4 kwa 4, chenye sindano 100 za silikoni zilizosimama wima. Hupigwa kwa nyundo ya hewa ili zote ziingie kwa pigo moja, maana zikisukumwa polepole zinaubonyeza ubongo badala ya kuutoboa. Nakiheshimu. Watu waliopooza wamesogeza kielekezi cha kompyuta na mikono ya roboti kwa kupitia hicho, na wapo waliokaa nacho zaidi ya miaka mitano. Lakini mara nyingi, miezi inavyopita, idadi ya niuroni kinazozisikia hupungua.

Basi dawa yake inaonekana rahisi: tengeneza kitu laini. Hesabu yenyewe inasaidia, kwa kuwa ukipunguza unene wa utepe nusu, nguvu yake ya kukataa kukunjwa inabaki moja ya nane. Plastiki ya mikroni moja inapinda kwa nguvu ndogo ajabu. Ila sasa umejitengenezea shida nyingine: uzi usioweza kusimama utaingiaje? Ukiugusisha kwenye ubongo, unajikunja juu yake na kubaki hapohapo.

Suluhisho ninalolipenda kuliko yote lilitolewa mwaka 2017 na kundi la Chong Xie na Lan Luan, wakati huo wakiwa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin. Uzi wao una unene wa mikroni moja hivi. Huanza kujengwa juu ya utando wa nikeli: tabaka la plastiki, kisha mistari ya chuma chembamba mno ya kupitishia ishara, kisha tabaka la pili la plastiki. Chuma kikikaa katikati barabara, uzi unapopinda upande mmoja wa plastiki unavutika na wa pili unabanwa, nacho kiko mahali ambapo hakuna mvuto wala mbano wa kukikata. Mwishoni nikeli inayeyushwa, na uzi unaachia na kuelea majini.

Kwenye ncha ya uzi wameacha tundu. Kisha wanachukua ufito wa kaboni wenye kipenyo cha mikroni 7 na kuuchonga ncha mpaka itokeze kijiti kinachotosha kuingia kwenye tundu lile. Kazi ya kuvichomeka viwili hivyo hufanyika chini ya hadubini. Ufito unashuka ukiuburuta uzi. Ukifika kina kinachotakiwa unavutwa juu, kijiti kinachomoka tunduni, na uzi unabaki umeshikwa na ubongo wenyewe. Ugumu ulikuwa wa kuazima tu, na umerudishwa. Walipochungulia baadaye kwenye ubongo wa panya, mishipa midogo ya damu ilikuwa imepona kuuzunguka uzi, na kovu la glia hawakuliona.

Wengine wameazima ugumu kwa njia zao. Mwaka 2010 kundi la John Rogers liliweka wavu wa plastiki ya poliimidi wa mikroni mbili na nusu juu ya utando wa hariri; ukilowa, hariri inayeyuka na wavu unaushika uso wa ubongo mpaka kwenye mabonde yake. Huko Harvard, Charles Lieber na wanafunzi wake waliona hapana haja ya ufito. Waliuviringisha wavu ndani ya bomba la sindano na kuupiga kama dawa. Ufundi uko kwenye mkono wa kuirudisha sindano: inarudi kwa mwendo uleule ambao wavu unatoka, ili unyooke na usirundikane. Mwaka 2016 walieleza kuwa wamezifuatilia niuroni zilezile za panya kwa miezi minane.

Kampuni ya Neuralink ilikabidhi kazi ya kuingiza nyuzi kwa roboti, yenye sindano ya kunasa kitanzi cha kila uzi na kuushona huku ikiikwepa mishipa ya damu. Roboti ni hodari, sibishi. Lakini baada ya mgonjwa wa kwanza kuwekewa nyuzi 64 mwaka 2024, baadhi yake zilichomoka, na kampuni yenyewe ilisema hivyo. Kwangu mimi fundi anapimwa kwa muda ambao uzi unakaa, na kasi ya kushona ni habari ya pili.

Na hapo kwenye kukaa kuna adui ambaye hazungumzwi sana: maji. Plastiki nyembamba huupitisha unyevu wa mwili, polepole, mpaka ufike kwenye chuma. Kioo kingeuzuia, lakini kioo kisicho na tundu hata moja huoteshwa juu ya silikoni kwenye joto la kuyeyusha plastiki yoyote. Kundi la Jonathan Viventi wa Chuo Kikuu cha Duke, pamoja na Rogers, walikigeuza kichwa chini miguu juu: walianza na bamba la silikoni ambalo kioo kilishaoteshwa, wakajenga transista juu yake, wakabandika plastiki mwisho, kisha wakalisaga na kuliyeyusha bamba lenyewe kwa kemikali mpaka kioo, chini ya mikroni moja, kikabaki kuwa ngozi ya nje inayogusa ubongo. Utando huo wenye vihisi 1008, waliouchapishia ripoti mwaka 2020, ulikaa kwenye ubongo wa panya zaidi ya mwaka ukifanya kazi. Wao wenyewe walikadiria kuwa unaweza kudumu miaka sita.