Nyumba ya Willy Loman Kwenye Karatasi

Kubuni mandhari ya jukwaa ni kuamua watu wa tamthilia wataishi wapi kwa saa mbili au tatu, na watazamaji wataona nini wakati huo wote. Uamuzi huo hufanywa kwa penseli, miezi kadhaa kabla seremala hajashika msumeno. Hupitia utafiti, kisha michoro ya haraka, kisha michoro ya vipimo, na hatua hizi huingiliana na kurudiana. Ya mwisho ndiyo isiyosifiwa. Wengi huvutiwa na picha ya rangi za maji inayotundikwa ukutani baada ya onyesho kusifika, ilhali mawazo mengi ya jukwaa hukomaa, au hufa, kwenye karatasi iliyojaa mistari na namba.

Kazi huanza kwa kusoma. Mbunifu huisoma tamthilia mara ya kwanza kama msomaji mwingine yeyote, kisha huirudia akiwa na daftari: nani anaingia, anatokea wapi, ameshika nini, ni saa ngapi, mlango unafungwa au unaachwa wazi. Maswali hayo ndiyo huzaa utafiti. Anayeandaa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, kwa mfano, hatosheki na kijiji cha kukisia. Inampasa ajue nyumba za Umatumbi za mwaka 1905 zilijengwa kwa nini na paa lake liliinama kiasi gani, shamba la pamba huonekanaje wakati wa kuvuna, udongo wa bonde la Rufiji una rangi gani wakati wa kiangazi. Sehemu kubwa ya anayoyakusanya haitafika jukwaani. Lakini vile vichache vitakavyofika, pengine nguzo moja na mkeka, vitakuwa vimechaguliwa na mtu anayejua alichokiacha, na tofauti hiyo huonekana.

Michoro ya haraka hufuata, na kazi yake ni kutafuta. Huchorwa midogo, mingi katika ukurasa mmoja, na mingi hutupwa. Caspar Neher, Mjerumani aliyeshirikiana na Bertolt Brecht kwa miaka mingi, alikuwa na desturi inayostahili kuigwa: alianza na watu. Aliwachora wahusika wakiwa katikati ya tendo, mmoja amesimama, mwingine amempa mgongo, na ukuta au kiti vilikuja baadaye kwa kadiri miili hiyo ilivyovihitaji. Brecht aliitumia michoro hiyo katika mazoezi kuwapanga waigizaji. Jukwaa lililobuniwa hivyo haliwi pambo lililowekwa nyuma ya mchezo.

Jinsi penseli inavyoweza kuubadilisha mchezo wenyewe inaonekana wazi katika Death of a Salesman ya Arthur Miller, iliyofunguliwa katika ukumbi wa Morosco, New York, tarehe 10 Februari 1949, chini ya mwongozaji Elia Kazan. Miller alikuwa amewazia majukwaa matatu matupu na samani chache mno. Shida ilikuwa mwendo wa hadithi. Willy Loman, mchuuzi aliyechoka, huondoka katika leo yake na kuingia katika jana katikati ya sentensi. Yupo jikoni, mara yupo na wanawe walipokuwa wavulana, mara yupo ofisini au hotelini. Kubadilisha mandhari kila mara kwa kushusha pazia kungeikatakata akili ya mtu huyo vipande vipande, na akili hiyo ndiyo mchezo wenyewe.

Mbunifu Jo Mielziner alipendekeza nyumba. Isimame jukwaani tangu mwanzo hadi mwisho, na matukio yote mengine yachezwe mbele yake, kwenye ukingo wa jukwaa, nyumba ikionekana nyuma kwa mwanga hafifu. Kazan aliandika baadaye kwamba wazo hilo halikuwamo katika maandishi ya awali ya Miller, na kwamba lilitoka kwa mbunifu. Maelezo ya jukwaa ambayo leo husomwa katika kitabu yanaifuata nyumba ya Mielziner, kwa hiyo kila anayeufungua mchezo huo huanza kwa kusoma mchoro wake.

Wazo kama hilo ni rahisi kulisema. Ugumu huja pale vyumba vitatu, uwanja na mji mzima vinapotakiwa kuenea kwenye jukwaa moja. Hapo ndipo skeli inapoingia. Katika nchi nyingi za Ulaya michoro ya jukwaa hufanywa kwa uwiano wa 1:25, yaani sentimita 4 za karatasi ni mita 1 ya sakafu, na mwigizaji mwenye kimo cha sentimita 175 huwa na sentimita 7. Marekani hutumia nusu inchi kwa futi, uwiano wa 1:24. Karatasi ya kwanza ni ramani ya sakafu, jukwaa likitazamwa kutoka juu. Ramani hiyo haina huruma. Meza iliyopendeza katika mchoro wa haraka huonekana imeziba njia. Ngazi iliyojikunja kwa uzuri hukosa mahali pa kutua.

Ya pili ni mchoro wa mkato, ambapo jengo zima hupasuliwa kwa urefu, kuanzia ukuta wa nyuma ya jukwaa hadi kiti cha mwisho kabisa. Mbunifu huvuta mstari kutoka jicho la mtazamaji wa safu ya kwanza, kisha kutoka jicho la aliyeketi juu roshanini, na kuangalia mistari hiyo inagonga nini. Kwenye nyumba ya Loman, jiko lipo katikati, chumba cha wazazi kimeinuliwa futi 2 tu, na chumba cha wavulana kiko nyuma ya jiko kwa kimo cha futi 6 na nusu, karibu mita 2. Namba hizo si za kubahatisha. Kaka wawili wanaozungumza kitandani usiku lazima waonekane na watu wote ukumbini, huku baba yao akinung'unika peke yake chini.

Mielziner aliziondoa kuta, akabakiza mifupa ya nyumba. Mchezo ukiwa katika leo, waigizaji huheshimu mistari ya kuta na kupita mlangoni. Ukiingia katika jana, hupita ukutani kana kwamba haupo. Ndani ya vitanda vya wavulana alificha lifti, ili waigizaji waliolala wakiwa watu wazima washuke bila kuonekana na kutokea wakiwa vijana. Nyuma palining'inia kitambaa kilichochorwa majengo marefu yanayoisonga nyumba. Taa zilipobadilika, majengo yalififia na vivuli vya majani vikatanda juu ya paa, na mtaa ukarudi kuwa ule wenye miti ambao Willy anaukumbuka. Mielziner alikuwa bingwa wa mbinu za namna hiyo. Katika The Glass Menagerie ya mwaka 1945 alitumia shashi, kitambaa ambacho kikimulikwa kwa mbele huonekana ukuta, na kikimulikwa kwa nyuma huyeyuka. Alibuni taa zake mwenyewe, na ndiyo maana mwanga ulikuwa na nafasi yake katika michoro tangu awali.

Vipimo havikuwa mali ya Broadway peke yake. Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, wanakijiji walipoandaa Ngaahika Ndeenda ya Ngugi wa Thiong'o na Ngugi wa Mirii mwaka 1977, hawakuwa na ukumbi. Vijana walianza kwa kupanga njiti za kiberiti ardhini, wakatengeneza kielelezo kidogo, na kwa kukifuata ukajengwa ukumbi wa wazi wa kuchukua watu zaidi ya 2,000. Njiti zile zilifanya kazi ileile ya ramani ya sakafu: ziliwaruhusu watu kukosea wakati kosa bado ni dogo na linasogezwa kwa kidole. Serikali iliupiga mchezo marufuku mwezi Novemba mwaka huohuo, na mwaka 1982 polisi wakaubomoa ukumbi.

Baada ya ramani na mkato huja kielelezo cha kadibodi, kisha michoro ya mafundi: kila fremu kwa upana na kimo chake, kila bawaba, kila kiungo, na karatasi za mchoraji zinazoonyesha rangi. Hapa heshima ya mbunifu kwa wenzake hupimwa. Mchoro uliokamilika humwezesha seremala kufanya kazi bila kubahatisha, na humpa mwigizaji ngazi asiyohitaji kuitazama anapoikanyaga.

Mandhari huvunjwa onyesho linapokwisha, na Morosco yenyewe ilibomolewa mwaka 1982. Ubunifu wa Mielziner haukwenda na mbao zake. Mwaka 2012 Mike Nichols alipouongoza mchezo huo upya New York, Philip Seymour Hoffman akiwa Willy, nyumba ya mwaka 1949 ilijengwa tena kwa kufuata usanifu uleule.