Vitabu vya Kurudiwa

Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Viko vitabu vilivyo kama buyu hilo: msomaji akivichovya mara moja vimekwisha, nasi hatuvilaumu, maana vilitungwa kwa kazi hiyo. Lakini viko vingine ambavyo mwenye kuvirudia huona asali imepanda, na ile aliyoila mara ya kwanza ilikuwa povu tu. Twataka kunena hapa habari za vitatu vya namna hiyo, vyote vya Kiswahili, vyote vilivyotungwa na watu wa pwani yetu, na kuwaeleza walimu wenzetu kwa nini haifai kuvisoma mara moja na kuvifungia kabatini.

Kwanza ni utenzi wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa yapata mwaka wa 1858, na kuchapwa mwaka wa 1934 pamoja na tafsiri ya Kiingereza kwa kazi ya Alice Werner na William Hichens. Asomaye mara ya kwanza huona mafundisho ya mke juu ya wajibu wake kwa mume, wala haoni zaidi. Na arudi. Ataona kwamba asemaye ni mama mgonjwa. Kwamba mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, aliyeshindana na Sultani wa Unguja, amekwisha kufa. Na kwamba aambiwaye ni binti yake, ambaye huenda karibu atabaki pasipo baba wala mama. Maneno ni yale yale, illakini sasa yasikika kama ya mtu amfungiaye mwanawe mzigo usiku wa kuamkia safari, akitia kila akipatacho. Hatusemi kwamba kila shauri lake lafaa kwa nyumba za leo. Twasema kwamba asiyeisikia homa katika sauti ile bado hajausoma.

Cha pili ni Habari za Wakilindi, kazi ya Abdallah bin Hemedi. Kitabu hiki kilichapwa kwanza kwa sehemu katika mitambo ya misheni ya Magila, kisha kikatolewa upya mwaka wa 1962 kwa juhudi za J. W. T. Allen. Lugha yake ni lugha ya baraza: watu husema, wakajibiwa, wakaondoka, mwandishi hasimami kueleza moyo wa mtu, bali humwacha ajieleze kwa kinywa chake. Kwa hiyo wanafunzi hukipenda upesi. Humfuata Mbega, aliyetengwa na jamaa zake huko Ngulu kwa kuitwa kigego, yaani mtoto aliyeota meno ya juu kwanza. Humwona akiwinda nguruwe, akiwagawia watu nyama, akiamua magomvi yao, hata Wasambaa wakamfanya mfalme wao kule Vugha. Hapo wengi hukoma, wakidhani wamekwisha kula mnofu.

Lakini mnofu uko mbele. Baada ya kufa kwa Kimweri za Nyumbai mwaka wa 1862, wana na wajukuu wa ukoo ule ule waligombana, bunduki zikaingia, na raia wakakamatwa na kuuzwa. Ukiisha kuyajua hayo, rudi mwanzo ukamsome tena Mbega. Ile nyama ya bure haionekani tena kuwa ukarimu mtupu. Mfalme aliyepokewa kwa sababu alilisha watu, wajukuu zake wakawauza wana wa wale waliolishwa. Mwandishi aliishi karibu na watawala hao, wala si adui yao. Ndiyo maana ushahidi wake juu ya makosa yao ni mzito. Halaumu kwa sauti kuu. Asimulia tu, na msomaji wa mara ya pili apata uchungu wake mwenyewe.

Cha tatu ni Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichochapwa London mwaka wa 1934. Hapa hatuna budi kuungama kosa letu. Kitabu hiki tulikisoma tukiwa wanafunzi, kisha tukakifundisha miaka mingi, maana Kiswahili chake ni chepesi na safi, na masimulizi yake humshika mtoto: watu watekwa kwao bara, waletwa pwani, wapakiwa chomboni, waokolewa na manowari ya Waingereza, na mwisho wapata makao Freretown, karibu na Mombasa, kijiji kilichoanzishwa na misheni mwaka wa 1875. Siku moja mwanafunzi akatuuliza, “Mwalimu, na hao watumwa wenyewe walifanya nini?” Tulimjibu upesi, nasi tulimjibu vibaya. Tulisema, “Walingoja, wakasaidiwa.”

Usiku ule tukakifungua tena kitabu tulichodhani twakijua kwa moyo. Tukaona kwamba uzito wa sifa zote wamwendea Mwingereza, nasi tulikuwa tumezibeba sifa hizo hata darasani pasipo kuzipima. Tukakumbuka watoro wa Fuladoyo na Rabai, waliotoroka mabwana zao kwa miguu yao wenyewe. Tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai walipewa hati za uhuru, mabwana wao wakalipwa fidia. Lakini watu hao walikuwa wamekwisha kujiweka huru kabla ya hati kuandikwa. Tukakumbuka pia kwamba, ijapokuwa soko la Unguja lilifungwa mwaka wa 1873, sheria ya pwani ya Kenya haikuuondoa utumwa kabisa mpaka mwaka wa 1907. Mwokozi hakuwa na haraka kama tulivyofundisha.

Je, kitabu hiki basi ni kibaya? La, hasha. Mbotela ni mwana wa watu waliokombolewa, na shukrani ya mtu aliyetolewa chomboni si uongo. Amwonaye mwandishi huyu kuwa msifu wa wageni tu, naye amemsoma mara moja. Kosa si lake aliyeshukuru. Ni letu tulioifanya shukrani ya mtu mmoja kuwa historia ya watu wote. Siku hizi twakisoma pamoja na Habari za Wakilindi, nacho hupata nguvu mpya: kimoja chaonyesha mtumwa akifika pwani, kingine chaonyesha nyumba ya mtawala alikotoka mtumwa. Kila kimoja chajibu neno ambalo mwenzake ameliacha.

Basi twawashauri walimu wenzetu: kitabu mnachokifundisha kila mwaka, kisomeni upya kabla ya kuingia darasani, na hasa kile mnachokipenda, maana mapenzi hufunga macho kuliko chuki. Na mtoto akiuliza neno gumu, msimjibu kabla ya kukirudia. Yule wetu alimaliza shule mwaka ule ule akaenda zake, naye mpaka leo analo jibu letu la kwanza.