Sauti ya Binti na Kimya cha Kibii: Tahakiki ya West with the Night

Kitabu cha Beryl Markham, West with the Night, kilichotolewa mwaka 1942 na kufufuliwa kwa toleo jipya mwaka 1983, husifiwa zaidi kwa ajili ya ndege. Mwandishi ndiye yule aliyevuka Atlantiki peke yake mwaka 1936, akitoka Uingereza kuelekea magharibi. Hata hivyo, kiini cha kitabu hakiko angani. Kiko Njoro, karibu na Nakuru, katika shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, ambako binti huyu wa mlowezi alikulia miongoni mwa vijana anaowaita Wanandi. Huko ndiko alikoipata sauti yake, na yafaa kuulizwa ni nani aliyenyamaza ili isikike.

Msiba mkubwa wa sehemu hiyo si wa binti. Ni wa Kibii, mwenzake wa utotoni, ambaye baba yake, arap Maina, anauawa katika Vita Vikuu vya 1914–1918. Kijana anaipokea habari, anaapa kulipa kisasi, basi. Maneno yake ni machache, nayo yamevikwa Kiingereza kizito cha fahari. Wapo watakaosema kwamba hiyo ni heshima. Naam, ni heshima ya sanamu: mtu huinuliwa juu asiulizwe neno zaidi. Wakati huohuo mama yake Beryl, aliyerudi Uingereza na kumwacha bintiye angali mdogo, hatajwi kabisa. Inaelekea kwamba jeraha la mwandishi mwenyewe limefunikwa, na la jirani likawekwa mahali pake, kwa kuwa la jirani lilieleza huzuni bila kumfichua yeye.

Ukame na hasara zinamfilisi Clutterbuck, naye anakwenda Peru. Binti wa miaka kama 17 anapanda farasi kuelekea Molo kuanza kazi ya kufundisha farasi wa mbio. (Ndoa aliyoifunga mwaka 1919 nayo imeachwa nje, msomaji asitafute humu tawasifu kamili.) Huko Kibii anamfuata. Sasa ni mtu mzima, jina lake arap Ruta, naye anaingia katika utumishi wake. Aliyekua naye sasa anamwita Memsahib.

Si kweli kwamba mwandishi haoni. Anakiri waziwazi kwamba mtoto hajui rangi wala tabaka, ila hujifunza akikua; na kwamba yule aliyetembea naye sambamba sasa atatembea nyuma yake. Kurasa hizo zina uchungu usio wa kuigiza, na mhakiki anayezipita kwa kelele za "fasihi ya kikoloni" atakuwa hakusoma. Kasoro iko katika kitenzi. Anajifunza, lakini hatajwi mfunzaji. Ubaguzi umesawiriwa kama balehe, jambo linalomjia kila mtu kwa wakati wake bila kuletwa na yeyote. Kumbe ulikuwa na tarehe na karatasi. Sheria ya 1918 ilimtaka skwota afanye kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka kwa mlowezi ambaye aliishi shambani mwake. Kipande, kilichotekelezwa kuanzia 1919 na 1920, kilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyetimu miaka 16. Hatua ile moja ambayo arap Ruta alibaki nyuma ilikuwa imekwisha pimwa na serikali kabla hajafika Molo.

Kwa hiyo sauti ya binti ni kamili inapohuzunika, na pungufu inapotakiwa kushtaki. Mfasiri atakayekileta kitabu hiki katika Kiswahili atakutana na tatizo hilo katika neno moja la kuitana. Akiliacha Memsahib lilivyo, atabaki na tahajia ya walowezi. Akiandika memsabu, kama lilivyotamkwa jikoni na zizini, angalau neno hilo litakuwa na mdomo wa aliyelisema.