Fumbo la mahindi ndani ya alama 160

Shule za Kenya zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya corona, mtoto wa Bungoma ambaye nyumbani kwao kuna kabambe moja tu, yaani simu ya vitufe, hakukosa pa kusomea. Alibonyeza *291#, akachagua darasa na somo, mafunzo yakaanza kuingia kwa SMS. Hiyo ndiyo Shupavu 291, huduma ya Eneza Education na Safaricom: somo fupi, maswali ya kuchagua jibu, na nafasi ya kumwuliza mwalimu. Haikudai bando wala simu ya kugusa.

Ugumu wote uko kwa anayetunga maswali. SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Kila alama ya kawaida inakula biti 7, kwa hiyo zinaenea alama 160, nafasi zikihesabiwa. Ukipachika emoji moja ili kumchekesha mtoto, mfumo wa herufi unabadilika na zinabaki 70 tu. Raha, basi, lazima itoke kwenye swali lenyewe.

Chukua fumbo hili nililolitunga kwa mtoto wa Gredi ya Nne au ya Tano huku Kitale, ambako mahindi yanaanzia mlangoni: "Shina la kwanza hadi la mwisho ni mita 10. Shina hadi shina ni sm 25. Mashina ni mangapi? Jaribu kwanza mita 1 kwa vijiti. A: 40 B: 41". Alama 134. Mtoto hodari wa hesabu atagawanya 1,000 kwa 25 na kutuma A mbio mbio. Mwenzake aliyetoka nje akachomeka vijiti ataona kwamba mita moja ina nafasi nne lakini vijiti vitano, na jibu la B litamjia bila kuambiwa. Kwa aliyekosea, jibu la "umekosa, jaribu tena" ni kumpotezea muda. Mwandikie: "Umehesabu nafasi, si mashina." Hapo kosa lenyewe limekuwa somo.

Jambo la kuangalia ni kazi imefanyikia wapi. Simu imebeba swali na jibu tu. Kupima, kubishana na kuhesabu upya kumefanyika uani, pengine kukhu, yaani bibi, akiwa mwamuzi. Michezo mingi ya masomo iliyo kwenye skrini inafanya kinyume: inamletea mtoto vijiti vilivyochorwa, tena vimeshapangwa, yeye abonyeze tu. Vishikwambi vya serikali vilivyoanza kugawiwa shule za msingi mwaka 2016 viliingia na mtego huohuo. Kifaa kizuri, sawa, lakini swali la kukitumia ni lipi?

Hata hivyo SMS peke yake haitoshi, na hili limepimwa. Botswana, wakati huohuo wa corona, watafiti walilinganisha familia zilizopata SMS tu za hesabu na zile ambazo juu ya SMS zilipigiwa simu kila wiki, takriban dakika 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Human Behaviour: waliopigiwa simu walipanda kwa hesabu, ila kwa wale wa SMS tupu hapakuonekana faida ya maana. Jaribio hilo likarudiwa katika nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na simu ikashinda tena.

Sababu haijifichi. SMS inajua umechagua A. Haijui ulifikaje huko. Mwalimu akipiga Jumamosi atauliza, "Hebu nieleze ulivyohesabu," na mzazi aliyeshika simu anasikia. Kwa hiyo kama ningekuwa napanga zoezi la likizo kwa shule ya Bungoma yenye salio dogo la maongezi, ningepunguza mafumbo hadi moja kwa wiki na kuiweka pesa inayobaki kwenye simu hiyo ya mwalimu. Na swali la kwanza la mwalimu lisihusu jibu kabisa: vijiti ulivitoa wapi?