Mchagua Jembe

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo haimfai mtu anayetunga mchezo wa ZX Spectrum, kwa kuwa kwake yeye kuchagua jembe ni sehemu ya kilimo chenyewe.

Kompyuta ya Spectrum ilitoka Uingereza Aprili 1982, kazi ya kampuni ya Clive Sinclair mjini Cambridge. Prosesa yake, Z80, hukimbia kwa megahezi 3.5, na toleo kubwa lilikuwa na kumbukumbu ya kilobaiti 48. Skrini peke yake humega baiti 6,912 humo humo. Picha huchorwa upya mara 50 kwa sekunde, na kati ya picha moja na inayofuata prosesa hupata mapigo 69,888 ya saa yake ya ndani. Ndani ya mapigo hayo isome vitufe, isogeze maadui, ichore, ipige na mlio. Yakiisha kabla ya kazi kuisha, mhusika huanza kusuasua na kumetameta. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi ni moja: mchezo huu utakula mapigo mangapi?

Mashine yenyewe huja na lugha ya BASIC. Ukiiwasha tu, iko tayari kuandikiwa. Tatizo lake ni kwamba hufasiri kila mstari upya kila unapofikiwa, kama mkalimani asiyekumbuka alichokitafsiri punde tu. Hata hivyo, anayeidharau amtazame Kevin Toms. Football Manager yake ya mwaka 1982 iliandikwa kwa BASIC, ikauzwa na kupendwa mno, maana mchezo wa kupanga timu, kununua wachezaji na kusubiri matokeo hauhitaji kasi. Toms aliijua kazi yake kabla ya kuitafutia chombo.

Mchezo wa kuruka na kukwepa ni habari nyingine. Hapo ndipo lugha ya asembli, inayoiamuru prosesa moja kwa moja, inapostahili sifa zake zote, na mfano mzuri ni kufuta skrini. LDIR, amri ambayo wanaoanza huipenda kwa sababu hunakili kipande kizima cha kumbukumbu kwa mkupuo, hula mapigo 21 kwa kila baiti. Nukta za skrini ni baiti 6,144. Zidisha: mapigo 129,000 na ushei, karibu maradufu ya yaliyopo. Lakini iko PUSH, amri iliyowekwa kwa ajili ya kuhifadhi namba kwenye rundo, nayo huandika baiti mbili kwa mapigo 11. Mafundi waliligeuza rundo likaelekea skrini yenyewe, wakahakikisha kwanza prosesa haikatizwi kazi, wakafuta kila nukta kwa mapigo kama 34,000. Ni amri ile ile iliyokuwapo siku zote, ila imetazamwa kwa jicho la fundi.

Hata mpangilio wa skrini una siri yake. Ndani ya kila kisanduku cha nukta nane kwa nane, mstari wa pili haufuati wa kwanza kumbukumbuni. Uko baiti 256 mbele. Mtu wa BASIC huulaani mpangilio huo. Mtu wa asembli huushukuru, kwa kuwa kuruka baiti 256 kwake ni kuongeza moja tu kwenye H, mojawapo ya rejista za prosesa: INC H, mapigo manne, picha imeshuka mstari mmoja.

Kati ya ncha hizo mbili pana nafasi kubwa. Kompaila ya Boriel huigeuza BASIC kuwa lugha ya mashine kabla mchezo haujaanza. Kifurushi cha z88dk humpa mtunzi lugha ya C, lakini kina masharti: kusoma kigezo kilichokaa kwenye rundo kupitia rejista IX ni mapigo 19, ilhali kusoma kupitia HL ni saba, ndiyo maana wazoefu huviweka vigezo vyao mahali maalumu. Arcade Game Designer ya Jonathan Cauldwell hubeba karibu kazi yote. Udhaifu wake ni kwamba michezo mingi iliyotoka humo hufanana mwendo, kama matofali ya kalibu moja.

Wapo wanaoshikilia kwamba kutumia vyombo kama hivyo na kompyuta ya leo kuandikia mchezo wa Spectrum si halali. Historia haiwaungi mkono. Matthew Smith alipotunga Manic Miner mwaka 1983, akiwa bado kijana wa miaka kumi na kitu, mapango yake yote 20 aliyaandika kwenye kompyuta nyingine, TRS-80, kisha akayahamishia Spectrum. Mwaka huo huo Gilsoft ilitoa The Quill ya Graeme Yeandle, iliyomwezesha mtu asiyejua hata amri moja ya Z80 kutunga mchezo kamili wa hadithi za maandishi: aliingiza vyumba, vitu na maneno, mengine akakiachia chombo. Walioijenga enzi hiyo hawakuona haya kuazima mkono.

Anayetaka kuanza, basi, aandike mchezo wake mdogo kwa BASIC ya Boriel, auache ukimbie, apime ni wapi mapigo yanapomalizikia. Kipande hicho kimoja akiandike upya kwa asembli, kwa mkono wake, na aanze na INC H.